Mto wa Kuigiza na Mto wa Kweli

Mhariri ameniomba niandike somo kwa ajili ya kurasa zetu za Kiswahili, nami nimechagua swali ambalo limezungumzwa sana shuleni kwetu mwaka huu: Je, yafaa mtu asikitike kitu cha zamani kinapobadilishwa? Wote mwajua sababu ya swali hili. Bweni la zamani, lile la matofali mekundu lililo karibu na uwanja wa mpira, limekusudiwa kubomolewa, na barua za wazee wetu zimekuja nyingi, nyingine za upole, nyingine za uchungu.

Lakini sitaanza na bweni. Mambo ya nyumbani huchemsha damu upesi, na mtu aliyekwisha kukasirika hasikilizi. Basi nitachukua kwanza mfano wa mbali, ambao hakuna hata mmoja wetu atakayegombana kwa ajili yake, kisha tutarudi nyumbani polepole. Mfano wenyewe ni mashua ya mchezo iliyoko Marekani. Msicheke, kwa maana mtaona kwamba mashua hiyo ina ujamaa na mto Nile wetu wa Uganda.

Bustani ya michezo

Siku za Krismasi mjini Mbarara twaona majumba ya mpira yaliyojazwa upepo. Watoto hulipa fedha kidogo, huvua viatu, na kurukaruka humo mpaka wachoke. Kule Unguja, siku za Idi, watoto huvaa nguo mpya na kukusanyika Mnazi Mmoja kucheza na kupanda bembea. Sasa fikirini mahali kama hapo, lakini pa kudumu, pamezungushiwa ukuta, pana treni, ngome, na hata mito iliyochimbwa kwa mashine, na wageni huja kutoka nchi zote za dunia. Mahali pa namna hiyo palipo mashuhuri sana ni Disneyland, katika mji wa Anaheim, California. Palifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 na Bwana Walt Disney, mtengenezaji wa sinema za katuni. Kabla ya hapo palikuwa mashamba ya michungwa.

Tangu siku ya kufunguliwa ulikuwako mchezo uitwao Jungle Cruise, maana yake safari ya mashua katika msitu. Abiria huketi katika mashua yenye paa, nahodha husimama mbele akieleza yanayoonekana, na kwa muda wa dakika 7 au 8 hivi mashua hupita katikati ya msitu wenye tembo, viboko, mamba na simba. Mimi sijaipanda. Niliyoyapata nimeyapata kwa kusoma, kwa kutazama picha, na kwa barua za ndugu yetu mmoja aliyesoma hapa kabla ya kuhamia Marekani pamoja na jamaa zake. Yeye nitamtaja tena.

Jinsi mto ulivyotengenezwa

Kwanza Bwana Disney alitaka kuweka wanyama wa kweli. Wenye maarifa ya wanyama walimwambia kwamba wanyama wa kweli watalala mchana au watajificha, na abiria hawataona kitu. Kwa hiyo aliamua kutumia sanamu zinazotikiswa kwa mashine. Sanamu haina usingizi. Kila mashua ikipita, kiboko huinua kichwa, na mamba hufungua kinywa.

Mashua nayo yaonekana kama yaenda huru, kumbe sivyo. Chini ya maji iko reli inayoiongoza. Maji yametiwa rangi ya matope ili reli isionekane, na ili abiria asijue jinsi mto ulivyo mfupi wa kina. Msitu ulipandwa na Bwana Bill Evans, fundi wa bustani. Alikusanya miti na mimea kutoka pande nyingi za dunia. Inasimuliwa kwamba baadhi ya michungwa iliyong'olewa pale aliipanda juu chini, mizizi ikitazama mbinguni, ili ifanane na miti ya ajabu ya nchi za joto. Wenzangu mnaosoma kilimo mwaweza kucheka, lakini ni kazi ya akili: mbele ya abiria aliyemo katika mashua inayopita, mzizi mkavu ni sawa na tawi.

Tena mto huo si mto mmoja. Katika dakika hizo chache abiria hupita magofu ya hekalu la Asia, akaingia Nile, akaingia Kongo, akaingia Amazon. Majina ya mashua yaonyesha hivyo: moja huitwa Congo Queen, nyingine Nile Princess, nyingine Zambezi Miss. Liko na poromoko la maji lililopewa jina la Daktari Albert Schweitzer, yule mmisionari aliyejenga hospitali Lambaréné, nchi ya Gaboni, na kupewa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952.

Asili yake ni hapa kwetu

Aliyechora ramani ya mto huo ni Bwana Harper Goff. Yeye alikuwa ameipenda sana sinema ya mwaka 1951 iitwayo The African Queen, iliyoongozwa na Bwana John Huston, nao waigizaji wakuu walikuwa Bwana Humphrey Bogart na Bibi Katharine Hepburn. Hadithi yake yatoka katika kitabu cha Bwana C. S. Forester cha mwaka 1935. Nahodha mmoja mlevi na dada wa mmisionari washuka mto kwa mashua ndogo ya moshi wakati wa vita vya 1914, wakikusudia kuizamisha meli ya Wadachi iliyotawala ziwa.

Sinema hiyo haikupigwa yote katika chumba cha Ulaya. Sehemu zake kubwa zilipigwa kwenye mto Ruiki katika Kongo, na hapa Uganda, huko Butiaba kwenye Ziwa Albert na karibu na Maporomoko ya Murchison. Mashua yenyewe iliundwa Uingereza mwaka 1912 ikafanya kazi huku Afrika ya Mashariki miaka mingi. Baadaye ilipelekwa Marekani, ikatengenezwa upya mwaka 2012, ikachukua watalii huko Key Largo, Florida.

Basi tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Mto wa kweli uko Uganda na Kongo. Sinema iliuchukua mto ikautia katika hadithi. Bwana Goff aliichukua sinema akaitia katika shimo lililochimbwa shambani California. Watoto wa Marekani wakapanda mashua ile, wakakua, wakazeeka, na mto wa shimoni ukawa ndio mto wao wa utotoni. Mtu aliyeona kivuli cha kivuli hulia kivuli kikisogezwa, na machozi yake ni machozi ya kweli. Tusimcheke.

Mabadiliko manne

Kivuli kimesogezwa mara nyingi. Nitataja mara nne tu.

Mara ya kwanza ni miaka ya 1960. Hapo mwanzo nahodha alieleza mambo kama mwalimu wa jiografia, pasipo mzaha. Mwaka 1962 Bwana Marc Davis, mchoraji, aliongeza bwawa la tembo wanaooga na kurushiana maji. Mwaka 1964 yakaongezwa mambo ya mbuga, pamoja na wasafiri waliokimbizwa na kifaru wakapanda mti mmoja wote. Tangu siku hizo safari iligeuka kuwa ya kuchekesha, na nahodha akawa mtu wa vichekesho.

Mara ya pili ni mwaka 1994. Karibu na pale palikuwa pakijengwa mchezo mpya, uliofunguliwa mwaka 1995, na ili kuupatia nafasi njia ya mto ilipindishwa. Kituo cha mashua kilijengwa upya kwa orofa mbili, kikafanana na nyumba iliyochakaa ya bandari ya zamani ya kikoloni. Mashua nazo, ambazo zamani zilikuwa nyeupe na safi, zenye paa la kitambaa cha milia, zilipakwa rangi zikafanana na mashua kuukuu zilizoliwa na kutu. Hili ni jambo la ajabu: kitu kipya kiliondolewa upya wake kikapewa uzee wa kubuni.

Mara ya tatu si ya Anaheim peke yake. Mto uleule ulijengwa Florida mwaka 1971, Tokyo mwaka 1983, na Hong Kong mwaka 2005. Kila mahali ulibadilika kidogo. Kwa hiyo mtu wa Tokyo akisema «safari yetu ya zamani», hasemi kitu kilekile cha mtu wa California.

Mara ya nne ni mwaka 2021, nayo ndiyo iliyoleta kelele. Tangu zamani pembeni mwa mto ziliwekwa sanamu za Waafrika na watu wengine wa misitu: wengine wakicheza ngoma, wengine wakitisha abiria kwa mikuki. Mwisho wa safari alisimama mzee aliyeitwa Trader Sam, ambaye biashara yake ilikuwa kuuza vichwa vya watu vilivyokaushwa. Na katika ule mti wa kifaru, mzungu alikuwa juu kabisa mahali pa salama, nao wapagazi weusi walikuwa chini yake, karibu na pembe. Januari 2021 wenye bustani walitangaza kwamba mambo hayo yataondolewa. Julai mwaka ule kazi ilikwisha. Mtini sasa wako wasafiri wa mataifa mbalimbali, na sokwe wamewekwa katika mashua iliyozama nusu. Wako walioshangilia, na wako walioandika kwa masikitiko kwamba utoto wao umeharibiwa.

Katika mabadiliko hayo yote twaona jambo moja. Mtu wa mwaka 1955 angeweza kulia mwaka 1962. Mtu wa mwaka 1970 alilia mwaka 1994. Mtoto aliyepanda mara ya kwanza mwaka 1996 aliiona ile kutu ya kubuni kuwa ndiyo asili. Kila mmoja huita «ya asili» ile aliyoikuta yeye alipokuwa na miaka 8. Bwana Disney mwenyewe, aliyefariki mwaka 1966, alikuwa amesema hadharani kwamba bustani yake haitakamilika kamwe. Kwa hiyo anayetaka kuirudisha ya asili na aulizwe kwanza: ya mwaka gani?

Barua ya ndugu yetu

Ndugu yetu niliyemtaja alikulia Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alipanda mashua ile mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2019, alipokwenda pamoja na mama yake na wanafunzi wenzake wa huko. Mama yake alizaliwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward upande wa Kongo, ambako viboko hutoka majini usiku na kutembea katikati ya nyumba. Alipowaona wale wa sanamu wakitikisa masikio alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, «Mwanangu, kiboko wa namna hii angekufa njaa. Hajui hata kukasirika.»

Basi wakaendelea kwa furaha mpaka wakafika kwa yule muuza vichwa. Hapo nahodha akafanya mzaha wake, abiria wakacheka, na wawili watatu kati ya wenzake wakageuza shingo kumtazama yeye. Hawakusema neno baya. Walimtazama tu, kama mtu anayetazama picha kisha akamtazama mwenye picha. Ndugu yetu aliandika kwamba mama yake aliacha kucheka, akaanza kutengeneza kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa na kasoro yo yote.

Mara ya pili alikwenda baada ya mwaka 2021. Mzee wa vichwa hayupo. Ndugu yetu anasema aliipenda safari kuliko mara ya kwanza, akakaa kwa raha mpaka mwisho. Lakini anasema pia kwamba alimkumbuka mama yake, ambaye siku hizo alikuwa kazini mji mwingine, na kile kicheko chake cha viboko. Nimelisoma neno hili mara nyingi. Mtu aliyedharauliwa katika safari ya zamani, naye ana hamu ya safari ya zamani! Ana hamu ya kicheko cha mama yake. Hana hamu ya sanamu. Vitu hivyo viwili vilikuwa katika mashua moja, na kazi ya akili ni kuvitenganisha.

Mto wa kweli nao ulibadilika

Wako wanaofikiri kwamba vitu vya kuigiza ndivyo vinavyobadilika, na vya kweli hudumu. Hebu tutazame Nile yenyewe. Katika Maporomoko ya Murchison mto wote hubanwa katika mwanya wa miamba wenye upana wa meta 7 hivi, kisha huanguka meta 43. Mwaka 1962 mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi, mto ukafurika, ukajifungulia mlango wa pili kando ya ule wa kwanza. Kwa kuwa mwaka ule ndio Uganda ilipopata uhuru, poromoko jipya likaitwa Uhuru. Jina la Murchison nalo lilitolewa na Bwana Samuel Baker mwaka 1864. Wakati wa Idi Amin liliondolewa, pakaitwa Kabalega kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro, kisha jina la kwanza likarudishwa. Na bandari ya Butiaba, walikopigia sinema, iliharibiwa na mafuriko yaleyale ya miaka ya mwanzo ya 1960.

Angalieni basi: mwaka uleule ambao tembo wa mashine walianza kuoga California, mto wa kweli ulipasua mwamba Uganda. Mtu anayeitafuta Murchison ya sinema hataipata hata akija mwenyewe na kusimama pale.

Ile meli ya Wadachi ya hadithini nayo ina ndugu yake wa kweli. Ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku 5,000 hivi mpaka Dar es Salaam, ikapandishwa treni mpaka Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Iligeuzwa tena na tena: mitambo ya moshi ikaondolewa, ikatiwa ya dizeli. Hakuna aliyesema kwamba imeharibiwa, kwa sababu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Mimi nimo katika kazi hiyo. Mei 2015, nilipokuwa na miaka 9, tulitoka Nyanza-Lac, Burundi, tukafika Kagunga, kijiji kidogo upande wa Tanzania kilichobanwa kati ya milima na maji. Watu walikuwa maelfu kwa maelfu ufuoni, na kipindupindu kiliingia. Liemba ilikuja ikatia nanga mbali kidogo. Mashua ndogo zilituchukua kutoka ufuoni mpaka ubavuni mwake, tukainuliwa mmoja mmoja. Ilichukua watu 600 hivi kwa safari moja, ikarudi, ikachukua wengine. Tulishuka Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, na baada ya muda tukaja Nakivale kwa mjomba.

Siku ile sikujua kwamba nilikuwa ndani ya meli inayofanana na ya sinema. Nilijua tu kwamba sakafu ya chuma ilikuwa na joto, na kwamba mama alihesabu watoto wake kila baada ya dakika chache. Sasa nikisoma juu ya mto wa California, huona kwamba pande zote mbili za mchezo ule zilitoka kwetu, mto na meli pia, lakini sisi tuliwekwa ukingoni pamoja na mikuki. Hilo ndilo lililokuwa baya katika mchezo ule. Haukuwa mbaya kwa kuwa wa kuigiza. Ulikuwa mbaya kwa kuwa ulimpa mtu mmoja kiti na mwingine ukamfanya pambo.

Nyumba za Nakivale

Sasa tumekaribia nyumbani. Makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengine. Nyumba za huko zina historia yake. Mtu akifika hupewa kiwanja na turubai. Husimamisha miti, hufunika turubai. Akipata nguvu hukandika udongo. Baadaye hufyatua matofali mabichi, na siku moja, Mungu akijalia, huweka mabati.

Tulipobomoa nyumba yetu ya kukandika mwaka 2021, nilidhani mama atashangilia, kwa kuwa mvua ilikuwa ikituingilia miaka yote. Alishangilia kweli. Lakini kabla mjomba hajapiga jembe la kwanza, mama alimwambia, «Kaka, ngoja kwanza.» Akaung'oa mwenyewe mti wa mlangoni, ule aliotuwekea alama za kimo kila Krismasi, akaupeleka jikoni ukawa nguzo ya kutundikia sufuria. Kisha akasema, «Haya, bomoeni.» Hakuna aliyepoteza kitu siku ile isipokuwa mchwa.

Mambo matatu ya kupima

Kutokana na hayo yote nimepata mambo matatu ya kumsaidia mtu anaposikia uchungu kwa ajili ya kitu cha zamani.

Kwanza, ajiulize anachotamani ni kitu chenyewe au ni umri wake wa siku zile na watu aliokuwa nao. Kama ni watu, basi awaandikie barua au awatembelee, maana ukuta hautamrudishia.

Pili, aulize ni nani aliyeketi na nani aliyewekwa ukingoni. Kama raha ya zamani ilisimama juu ya aibu au taabu ya mwingine, yule mwingine ndiye aanze kusema.

Tatu, aulize ni kitu gani cha kung'olewa na kuhifadhiwa kabla ya jembe la kwanza. Si kila kitu, bali kile chenye alama.

Tukirudi kwenye bweni letu, nasema kwa heshima yote kwa wazee wetu. Mwaandika juu ya nyimbo za usiku, juu ya urafiki ambao haujakufa mpaka leo, juu ya mlango uliolia kila mwalimu wa zamu alipoingia. Hayo ni kweli, nasi twapenda kuyasoma. Lakini mlilala humo mkiwa 30, nasi twalala 70. Madirisha ni madogo na yako juu, na wakati wa joto wenzetu wenye pumu hutoka nje usiku wa manane kutafuta hewa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nanyi mlikilalia, ndiyo, lakini si na kunguni wa leo.

Kwa hiyo mimi naliunga mkono bweni jipya. Wala sikubali kwamba la zamani libomolewe kama kichuguu. Nashauri mambo haya. Wanafunzi wa jiografia na uchoraji walipime na kulichora, chumba kwa chumba, kabla ya likizo. Wapiga picha wapige picha kila ukuta, hasa ule wa nyuma wenye majina yaliyochongwa. Wazee wetu watuletee maneno yao, tuyaandike katika daftari moja litakalokaa katika maktaba. Na ule mlango unaolia uondolewe kwa uangalifu, utiwe katika bweni jipya, ulie huko.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja kitu kimoja cha kijijini kwako, au cha Mbarara mjini, ambacho kimebadilishwa katika maisha yako. Ni nani aliyefurahi, na ni nani aliyesikitika? Eleza sababu ya kila mmoja.

2. Kwa nini mashua za mwaka 1994 zilipakwa rangi zifanane na kuukuu? Je, uzee wa kubuni una faida yo yote?

3. Liemba ilibadilishwa mitambo, jina na wenyewe. Je, ilikuwa meli ileile? Toa hoja za pande zote mbili.

4. Kama ungeombwa kutengeneza mto wa kuigiza wa Uganda kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine, ungemweka nani katika mashua, nani ukingoni, na nahodha angesema maneno gani?

Majibu ya swali la nne yapelekwe kwa mhariri kabla ya mwisho wa muhula. Wazee wetu nao wanakaribishwa kujibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita